Pumba Juu ya Mchele

Gharibu simpendi, na sitajifanya leo kwamba nampenda. Miaka sita amekuwa mwenyekiti wa wakfu wetu hapa Ruaruke, na miaka sita hiyo mimi katibu nimemsikiliza akikohoa kabla ya kila neno ili watu wanyamaze. Ila Jumatano ile afisa wa kodi alipokuja kutoka Kibiti, niliyekuwa namwogopa, na niliyekuwa naogopa kwa ajili yake, ni Gharibu huyo huyo.

Wakfu wenyewe ni mashine ya kukoboa mpunga. Marehemu Bi Mwanaharusi aliiacha kwa ajili ya Mungu: wenye uwezo wakoboe na walipe, na faida inunue mchele wa wenye njaa. Akaacha na sharti, majina ya wanaopewa yasiandikwe popote. Kwa hiyo tunatumia vikapu. Kila nyumba ina kikapu chake, mwenyewe amekisuka, na mimi navijua vyote arobaini na kimoja kwa misuko yake. Jumatatu vinarudi vitupu. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, wanawake wanapita kuchukua. Juu ya mchele natia pumba viganja viwili, ili atakayekutana nao njiani adhani mtu kabeba chakula cha kuku.

Afisa huyo, Wilbrod, alikuwa kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Aliketi kwenye gunia akatusomea masharti.

"Mmesamehewa kodi ya mapato kwa sababu faida inakwenda kwa maskini. Ofisi inataka uthibitisho. Na mjumbe wa kamati, au watu wa nyumbani kwake, haruhusiwi kunufaika. Ikionekana hivyo, msamaha unaweza kufutwa na kodi ya miaka yote ikadaiwa."

Kodi ya miaka sita! Tungeuza mashine, na nyumba arobaini na moja zingebaki na vikapu vyao vitupu.

Gharibu akakohoa. "Ndilo ninalosema kila siku. Muulize katibu vikapu vinakwenda wapi. Mie mwenyekiti sijaoneshwa hata nyumba moja. Watu wanasema vinaishia kwa dada zake."

Nilitamani kumrushia pishi ya kupimia.

"Majina sitaandika," afisa alisema. "Nitachagua vikapu vitatu, mnipeleke vilikotoka. Nikiiona njaa, nitaandika nimeiona."

Kwa hilo nilimheshimu. Cha kwanza kilitupeleka kwa Hafsa, mjane mwenye watoto watano. Cha pili kwa Mzee Kheri, ambaye macho yamekwisha. Afisa akaandika, tukarudi ghalani. Cha tatu alichokiteremsha kilikuwa cha mistari myekundu, mkono wake umefungwa kwa uzi wa buluu wa nyavu.

Kilikuwa cha Hadija, mke wa Gharibu.

Mwaka juzi mto ulipofurika ulichukua shamba lao lote. Gharibu aliendelea kuvaa kanzu nyeupe na kutuhubiria uaminifu. Hadija alikuja kukaa karibu na mashine, akalia pale ambapo kelele zingemsitiri. Sharti la kodi nililijua. Nilimpa hata hivyo, na siku ile ingerudi ningempa tena, kwa kuwa njaa haiulizi mumeo ana cheo gani.

"Chagua kingine, afisa," nilisema.

Gharibu alicheka kwa nguvu. "Umeona? Za mwizi arobaini, Fatu! Twende na hicho hicho."

Tukatoka. Kwenye duka la Sadallah njia inagawanyika, kushoto ni kwangu, kulia ni kwa Gharibu. Nikasimama hapo. Nikisema ni changu, mimi ni mjumbe, mashine imekwenda. Nikiwapeleka kulia, mashine imekwenda na heshima ya Hadija imekwenda nayo.

"Bi Fatu, kulia au kushoto?" afisa aliuliza. "Kikapu kisipokuwa na mwenyewe, nitaandika hivyo."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, lakini nilikuwa nimemwahidi marehemu kwamba sitamtaja mtu.

"Sema!" Gharibu alimpokonya afisa kikapu akanitikisia usoni. Ndipo kidole gumba chake kikagusa ule uzi wa buluu. Gharibu alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mkulima, na lile fundo la kuzungushwa mara tatu, ncha ikachomwa moto, hapa Ruaruke halifungwi na mwingine. Aliufunga yeye mwenyewe ule mkono ulipokatika, mkewe akimwambia kikapu ni cha kununulia mchele sokoni.

Alilitazama fundo. Akakohoa, na hakuna neno lililofuata. Nikajua nimekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, mwizi niwe mimi na yeye abaki na kanzu yake. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye kofia.

"Kulia," alisema.

Hadija alikuwa uani akipepeta. Alipokiona kikapu mkononi mwa mumewe aliketi chini palepale. Gharibu hakumkaripia. Aliingia ndani, akatoka na debe la akiba, akaliinamisha mbele ya afisa mpaka chini kabisa kukaonekana.

"Andika umeiona," alisema. "Andika sikujua, lakini nimekula." Akatoa muhuri wa wakfu mfukoni akanikabidhi. "Na uandike kwamba mie si mwenyekiti tena."

"Kuamua si kazi yangu," afisa alisema. "Nitaandika yote, kama yalivyo."

Tulingoja wiki tano. Kila bodaboda iliyosimama nje ilinitoa mbio. Hadija hakuja Ijumaa hata moja, na kikapu chake kilikuwa hakijarudi ghalani. Barua ilipofika niliisoma mara tatu nimesimama: msamaha unaendelea, na Gharibu asirudi kwenye kamati. Nililia kwa sauti mbele ya fundi wa mashine.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, foleni ya wakoboaji imefika barabarani, nikamwona Gharibu. Hakuvaa kanzu. Alipanga foleni kama watu wengine, kile kikapu cha mistari myekundu mkononi, na wote waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza bila yeye kukohoa.

Zamu yake ilipofika nilimpimia bila kumtazama. Nikachota pumba haraka nifunike, maana aibu ilikuwa imenishika mimi kuliko yeye. Akanizuia mkono.

"Acha, Fatu," alisema, na foleni nzima ilisikia. "Mie sina kuku."