Mifarishi ya Harusi Juu ya Mtini

Mama mkwe wangu mtarajiwa aliikuta mifarishi yangu ya harusi, mablanketi mazito ya pamba, juu ya mti, uani, inaangukiwa na theluji. Yote! Na harusi bado ipo! Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka hamtaelewa.

Mti wenyewe ni mtini wa mama. Alipoolewa alikuja nao ukiwa kijiti tu, kutoka kwa bibi, na nyumba ya bibi ilishabomolewa ikapita barabara. Kilichobaki ni huu mtini. Nikiolewa, nami nitakatiwa kijiti changu nikakipande kwa kina Ilhom, mchumba wangu. Mama kashasema, na mimi nimeshachagua pa kukipanda.

Sasa hapa Margilan mtini hauwezi baridi, lazima uzikwe, na wa kumshinda mama kwa kuzika mtini hajazaliwa. Majani yakishapukutika anaanza kuuinamisha tawi kwa tawi, kila siku kidogo, huku anausemesha: "Lala, we mkaidi, lala, usinivunjikie." Ukishalala anaufunika matete, majani makavu, halafu udongo. Msimu wote wa baridi uani kuna tuta kama kaburi la ngamia. Kiangazi nako ni shughuli nyingine. Utomvu unamwasha mikono mpaka viwikoni, nyigu wanamwandama, na zamu yetu ya maji ya mfereji ikifika anaacha chai mezani, anakimbia na jembe. Lakini tini zake! Za njano, laini, unazichuma asubuhi kabla jua halijazipasua, unakula na mkate wa moto, unanyamaza. Hata mimi nanyamaza, fikirieni.

Sharti lake ni moja: hakuna kuufukua mpaka miforosadi ya barabarani ichipue.

Basi mwaka huu, baridi inaisha, mama yuko Andijan. Dada yangu Hulkar kajifungua, na mama anakaa naye mpaka arobaini. Nyumbani mimi na baba. Jua likawaka wiki nzima, na jirani yetu Ergash akachungulia juu ya ukuta.

"Nurmat! Wangu nimeshaufukua. Tini za kwanza utazionja kwangu, nitakugawia kwa huruma."

"Huruma yako kampe mbuzi wako!" Baba huyoo, kashika koleo.

"Baba, miforosadi bado," nikasema.

"Miforosadi ni ya mama yako. Jua ni la wote."

Jioni mtini ulikuwa wima, machipukizi yamevimba. Ulipendeza, siwezi kusema uongo.

Haukupita muda, mchana mmoja upepo ukageuka. Mbingu ikawa rangi ya sufuria, theluji ikaanza. Baba kasimama uani, uso umemshuka. Nikampigia mama.

"Mama, usikasirike."

"Baba yako kafukua."

"Umejuaje?"

"Si nimeolewa naye? Sikiliza. Msiulaze tena, umeshaamka, utakatika kama kuni. Funikeni, chochote chenye pamba humo ndani. Barno, mwanangu, ule mti ndio kwetu."

Mablanketi ya zamani yalifika nusu ya mti. Mimi na baba tukatazama pamoja juu ya kasha langu, penye mifarishi ya hariri ya rangi za moto, imejazwa pamba mpya, mama na majirani wameishona msimu mzima. Haijalaliwa hata na paka.

"Hapana," baba akasema. "Mama yako ataniua."

"Umeshauawa, baba. Shika huku."

Niko juu ya ngazi, nafunga wa mwisho kwa mkanda wa suruali wa baba, lango likafunguka. Bi Mastura, mama yake Ilhom, na sinia la halua! Yule mama hukagua mshono wa gauni lako kwanza, ndipo akusalimie.

"Karibu, mama," nikasema, theluji puani.

"Hiyo ni mifarishi ya harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kulalia mwanangu?"

"Eee... ndiyo, mama."

Akaweka sinia chini. Akasogea, akainua pindo, akachungulia chipukizi. Baba akawa anachunguza mawingu.

"Hariri mmeiweka nje," akasema. "Nani kawafundisha? Geuzeni, bitana ndiyo iwe nje! Na huku chini upepo unaingia. Shuka, binti, nipishe." Akapanda mwenyewe, na koti lake la kutokea! Baba akashika ngazi kwa mikono miwili, suruali akaiachia Mungu.

Mama aliporudi hakuvua hata kitambaa. Aliifunua mifarishi mmoja mmoja. Ncha za juu zilikuwa nyeusi, akazikata kwa msumeno, baba kando kama mwanafunzi aliyechelewa. Akakwaruza gome kwa ukucha. Kijani. Akakwaruza pengine. Kijani! Akakaa chini palepale kwenye tope.

"Baba Barno," akasema, neno la kwanza kwake tangu aingie, "lete chai."

Mfarishi mmoja umebaki na doa la gome. Mama alitaka kuushona upya, Bi Mastura akakataa katakata, eti huo ndio atakaowaonyesha wageni.

Na leo asubuhi Ergash kachungulia ukutani, mpole kama kondoo. Wake umekauka wote. Akaomba kijiti.

"Subiri," mama akamwambia bila kugeuka. "Cha kwanza kina mwenyewe."