Siku Babu Leland Alipomsifia Mjukuu Wake

Leland Kucera alikuwa ameapa, tena mbele ya watu, kwamba hatatia mguu Oklahoma maisha yake yote. Kisa ni mpira, ule wa Kimarekani. Enzi za ujana wake timu ya Oklahoma ilikuja Nebraska ikawafunga nyumbani kwao kwa bao la mwisho mwisho, na mpaka leo anadai halikuwa halali. Mzee yule kinyongo anajua kukitunza, acha tu. Lakini mwezi wa pili mwaka huu watu wakamwona anajaza upepo matairi ya pikapu, koti lake la kanisani limepigwa pasi, na safari yenyewe ni ya Oklahoma hiyo hiyo.

Pale mgahawani wanapokunywa kahawa kila asubuhi, wenzake hawakumwacha apumue.

"Leland, kweli kabisa unampeleka mjukuu wako kwa maadui?" Virgil akamchokoza. "Si bora ungemwoza tu kwa wale mahasimu wetu wengine wa Iowa tukajua moja?"

"Kunywa kahawa yako, inapoa."

"Na wakimpa huo ufadhili wa chuo?"

"Wakimpa atakwenda. Wasipompa atabaki. Wewe inakuuma wapi?"

Hapo alijifanya hana wasiwasi. Uongo mtupu! Usingizi ulikuwa umemhama tangu baridi ianze. Tegan ni mjukuu wake, amemlea tangu mama yake afariki na baba yake akatokomea kwenye visima vya mafuta huko North Dakota. Mkewe Leland, Ardith, naye walishamzika. Ndani ya nyumba ile ya shamba wamebaki wawili tu, mzee na binti, na ng'ombe wao nje.

Binti mwenyewe ugonjwa wake ni anga. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiacha chakula mezani kwenda kuangalia mawingu. Alitaka kusomea hali ya hewa, hasa vimbunga, na mahali alipopataka ni chuo kikuu kimoja cha kule Oklahoma. Shida ni kwamba vyuo vya serikali za majimbo huko Marekani vina wenyewe. Ukitoka jimbo jingine unahesabiwa mgeni, na ada ya mgeni ni ya kukuliza. Njia pekee ilikuwa ule ufadhili wanaowapa wageni wachache waliofanya vizuri kupita wote, unaolipa kila kitu. Tegan alikuwa amepita mchujo wa kwanza, sasa ameitwa kwenye usaili, na familia zimealikwa chakula cha mchana. Akikosa, basi, ataingia chuo kidogo pale karibu na kwao asomee uhasibu. Tegan na uhasibu! Hata ng'ombe wangecheka.

Sasa lazima nikwambie jambo moja kuhusu watu wale wa Nebraska, maana usipolijua hutaelewa balaa lililotokea. Kusifia kwao ni utovu wa adabu. Mtu akivuna mahindi mpaka ghala linataka kupasuka, ukimuuliza atakwambia, "Si mabaya." Ardith alimpikia Leland ndoa nzima, na sifa kubwa aliyowahi kuipata ni, "Hiki kinalika." Akaenda jikoni akalia kwa furaha, masikini. Mtoto akijisifu mezani anaambiwa afunge mdomo ale. Tegan alikulia humo.

Mzee na mjukuu wakaikata Kansas, jimbo lililo katikati, kutwa nzima, bati la keki za matunda katikati ya viti.

"Babu, tukivuka mpaka usiteme mate dirishani."

"Nani kasema nitatema mate?"

"Nakujua."

"Nitameza," akasema Leland. "Kwa ajili yako tu."

Kesho yake asubuhi Tegan akaingia kwenye usaili, na mchana wazazi wakaketishwa meza moja na wanajopo wa usaili huo. Leland akapangiwa meza ya mwenyekiti wao, Dokta Odessa Whitfield, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na kicheko cha karibu. Upande wa pili alikaa baba mmoja kutoka Texas, jina lake Royce, na huyo bwana alikuwa amekuja kazini. Mwanawe kashinda hiki, kaanzisha kile, gavana kampa mkono, walimu wanamwogopa kwa akili. Leland akawa anatazama viazi vyake tu. Aibu alimwonea yule mtu mpaka masikio yakamwasha.

"Na wewe, Mzee Kucera?" Dokta akamgeukia. "Nieleze kuhusu Tegan."

Leland akaweka uma chini. Akafikiri sana, maana alitaka kumtendea haki mtoto.

"Hasumbui," akasema. "Na anaamka mapema."

Akajiona kama katia chumvi, akanywa maji haraka. Dokta akangoja yaje mengine, hayakuja.

"Mwalimu wake anasema mwaka juzi aliondoa watu uwanjani kabla king'ora cha kimbunga hakijalia," akasema Dokta taratibu. "Asubuhi nimemuuliza mwenyewe, akaniambia kila mtu alisaidia. Sasa mimi nishike lipi?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Leland alisema, "Basi itakuwa kila mtu alisaidia."

Dokta akatabasamu kwa adabu, akachomeka kalamu yake mfukoni, akamgeukia Royce. Ni ile kalamu kuingia mfukoni ndiyo iliyomshtua mzee. Lo! Akaelewa kwamba amemharibia mtoto.

Na papo hapo, nakwambia ukweli maana mwenyewe hakuficha baadaye, shetani akamnong'oneza: kaa kimya tu. Hujasema uongo, hujamsema mtu vibaya. Kula viazi vyako. Mtoto atarudi nyumbani, asubuhi utamsikia anashuka ngazi, mtakunywa kahawa pamoja. Leland alikaa na wazo hilo muda wa kumaliza kipande cha kuku, na lilikuwa tamu kuliko kuku. Halafu akajichukia, akasukuma kiti, akatoka.

Alimkuta Tegan ukumbini, amekaa kwenye benchi na viatu vyake vipya mkononi.

"Imekwendaje?"

"Sawa tu."

Leland alimjua. "Sawa tu" ya Tegan ilikuwa mbaya.

"Yule kijana wa Texas aliingia kabla yangu," akasema binti. "Nilimsikia mpaka huku nje, Babu. Mimi ningejisifu vile ningekufa kwa aibu."

"Ungekufa kweli."

"Na wewe ungenizika bila kusema neno."

"Ningesema. Ningesema hukuwa msumbufu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Tegan akaacha kucheka, akawa anavishikashika vile viatu.

"Babu, hivi wewe unaona naweza? Kweli kweli? Maana hujawahi kuniambia."

Jamani. Miaka yote hiyo mzee alidhani mtoto anajua. Alidhani ukimwamsha mtu kwa kahawa na ukamwashia gari baridi isimpige, atakuwa anajua. Akamshika kiwiko.

"Vaa viatu. Twende."

Dokta Whitfield alikuwa bado mezani, anamalizia kahawa, Royce keshaondoka. Leland akasimama mbele yake kofia mkononi.

"Mama, niliyosema pale mezani nayafuta."

"Yote?"

"Hasumbui, hilo ni kweli. Mengine nayafuta." Akameza mate. "Siku ile uwanjani nilikuwepo. Watu walikuwa wanacheza besiboli, jua linawaka, anga jeupe kabisa upande wetu. Huyu akaenda kwa mtangazaji akamnyang'anya kipaza sauti, akasema kimbunga kinakuja, watu wakajifiche kwenye chumba cha chini ya kanisa. Wakamcheka. Refa akamfukuza. Akaenda kusimama katikati ya uwanja, akasema haondoki mpaka mchezo usimame."

"Na watu wakasaidia?"

"Hakuna aliyesaidia!" Leland alipaza sauti mpaka waliokuwa wanakusanya sahani wakageuka. "Hata mimi. Mimi nilimwendea nikamwambia toka hapo, unaniaibisha. Babu yake mwenyewe! Akaniangalia akaniambia, 'Babu, nichukie kesho, leo nenda kanisani.' Na hakuondoka. Mwisho watu wakachoka kumngoja, wakatoka wanamtukana, wakaelekea kanisani. King'ora kilipolia walikuwa wameshaingia chini. Paa la jukwaa la watazamaji tulilikuta kwenye shamba la Virgil. Mama, huyu mtoto ana akili na ana moyo, na sijaona mwingine kama yeye, na nimeona watu wengi. Najivunia mpaka nashindwa kula. Na sijapata kumwambia."

Uso ulikuwa umemwiva. Hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake alisikia pumzi ya Tegan inakwenda juu, inakwama.

Dokta hakuandika kitu. Akamtazama binti.

"Na wewe unasemaje? Babu yako anakusingizia?"

Tegan akatazama sakafu, akamtazama mzee mgongoni, akainua kichwa.

"Hapana," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikapata nguvu. "Ni kweli. Pale uwanjani mimi ndiye niliyejua. Nilijua kuliko wote."

"Ulijuaje?"

"Upepo ulibadilika chini, juu haukubadilika. Na wingu lililokuwa mbali lilikuwa limeanza kuzunguka, kidogo sana. Naweza kukuchorea."

"Basi njoo ofisini unichoree," akasema Dokta, na kalamu ikatoka mfukoni. Mlango ukafungwa nyuma yao. Leland akavuta kiti cha Royce akakaa, akagundua kwamba yuko Oklahoma na wala hana hasira na mtu.

Simu ilikuja wakati ng'ombe wanazaa. Leland alikuwa jikoni anakoroga chungu cha maharage na nyama, mikate ya mdalasini iko ovenini. Tegan akaipokea akiwa amesimama mlangoni na mabuti yake ya matope. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, asante, asante sana mama. Akaishusha simu.

"Nimepata," akasema. "Wanalipa kila kitu."

Leland akaacha mwiko, akamkumbatia, matope na yote. Katika nyumba ile watu hupeana mikono hata Krismasi, kwa hiyo hawakujua vizuri mikono iende wapi, lakini walikumbatiana na wakakaa hivyo.

"Hongera, mama. Nilijua. Sikiliza vizuri, nakwambia sasa: nilijua."

Tegan akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha furaha peke yake.

"Na wewe utabaki na nani?"

"Mimi?" Leland akarudi kwenye chungu, akampa mgongo, akakoroga kwa nguvu. "Mimi hakuna mtu kaunti hii anayejua kukaa peke yake kama mimi. Napika kuliko wanawake wa kanisani. Usingizi nalala fofofo. Asubuhi nina redio, nina Virgil, nina ng'ombe. Upweke? Siujui hata sura yake. Utashangaa nitakavyonenepa."

Tegan akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Babu, unajitapa."

Mwiko ukasimama.

"Ndiyo, najitapa," akasema mzee, na sauti ikamkatikia njiani. "Niache nijitape, mama. Nikisema ukweli hutaenda."