Soda ya Shangazi

Jumamosi alasiri Shangazi aliketi jikoni na kisu butu, akibandua karatasi kwenye pipi zilizogandamana. Pipi zenyewe zilikuwa zimesahauliwa kwenye droo iliyo karibu na jiko, joto likazifanya bonge moja. Wifi yake alikuwa amesema zitupwe. Shangazi hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alizichokonoa moja moja, nyekundu akaziweka bakulini, za machungwa kwenye sahani, na za kijani akazirudisha kwenye droo kwa sababu zilinuka kama dawa ya meno.

Mapacha walikuja wakasimama mlangoni. Walikuwa wasichana wa darasa la pili, na jikoni hawakuonekana ila kwa kufuata kitu kitamu.

"Shangazi, unapika nini?"

"Soda."

"Soda haipikwi. Inatoka kiwandani."

"Na huko kiwandani anaitengeneza nani?"

Mapacha wakatazamana. "Watu."

"Haya. Na mimi ni mtu."

Aliziyeyusha pipi nyekundu ndani ya maji, kwa moto mdogo, akikoroga na mwiko zisishike chini. Akachuja kwa kitambaa, akakamua malimao, akaongeza maji, akaacha yapoe mpaka kidole kikaweza kukaa ndani bila kulalamika. Kisha akatia hamira, chembe tu za kuchota kwa ncha ya kisu. Akajaza chupa za plastiki, akaacha nafasi kidogo shingoni, akakaza vifuniko.

"Sasa tunaziacha," alisema. "Hamira inakula sukari, inatoa gesi. Chupa ikiwa ngumu kama mpira, inakwenda kwenye friji. Na mkizitikisa, dari yote itakuwa nyekundu na mtaifuta nyinyi."

Nyumba ilikuwa ya kaka yake, mkaguzi wa mizani, ambaye siku nzima alizunguka madukani akihakikisha kwamba kilo ni kilo. Shangazi alikuja hapo mwaka aliozaliwa binti mkubwa, kwa ruhusa fupi aliyopewa na kiwanda cha uchapaji, alikokuwa akishona vitabu na kuvitia majalada. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilikuta mlangoni. Baada ya binti mkubwa wakaja mapacha, na sasa binti mkubwa alikuwa anasoma chuo na anarudi nyumbani na kikapu cha nguo chafu. Hakuna aliyewahi kumzuia Shangazi kuondoka. Ila kila alipokaribia kufungua mdomo, palikuwa na mtu mwenye homa.

Jumapili, baada ya chakula, alifungua chupa. Soda ilitoa sauti ya kuridhisha na povu likapanda hadi ukingoni mwa glasi bila kumwagika. Ilikuwa na ladha ya pipi kabisa, tena pipi ya utotoni, na mwishoni uchachu wa limao uliofanya ulimi ucheze.

Mapacha walikuwa wa kwanza kunyanyuka. Waliacha viti vyao taratibu, glasi mikononi, mpaka vichwa vikafika usawa wa taa.

"Shukeni, mtavunja balbu," alisema baba yao, akanywa ya kwake. Naye akapanda, miguu ikining'inia, kandambili moja ikaanguka kwenye bakuli la mchuzi. Wifi alipanda akiuliza kama soda ina sukari nyingi. Binti mkubwa alipanda akiwa ameinamia simu, na hakugundua mpaka kisogo kilipogusa dari.

Shangazi alimaliza glasi yake, akabeua kwa adabu, akaitoa kandambili kwenye mchuzi na kuanza kukusanya vyombo.

"Ni gesi tu," alisema kaka yake kutoka juu. "Gesi ni nyepesi."

Alipomaliza kuosha vyombo Shangazi aliwavuta chini kwa vifundo vya miguu, kila mmoja akamfunga kwenye kiti chake kwa mkanda wa gauni. Mkaguzi alitaka kuhakikisha. Shangazi akamfungua, naye akasimama juu ya mizani ya bafuni, mshale haukusogea. Akaweka mfuko wa mchele wa kilo moja, mshale ukaonyesha kilo moja.

"Mizani ni nzima," alisema, akaridhika, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa linamtia wasiwasi.

Jioni gesi iliisha na wote wakawa kwenye sakafu. Lakini walikuwa wamependa. Magoti ya wifi hayakumuuma hata Jumatatu. Ikawa kila Jumamosi pipi zinanunuliwa, na Shangazi anapika, kwanza nyekundu, halafu za machungwa, halafu zile laini za maziwa ambazo ziliziba kitambaa na kumfanya atukane kimoyomoyo. Na kila Jumapili familia ilipaa, naye akawa anawapitishia chakula kwa sahani za plastiki, anawafuta midomo kwa taulo lililofungwa kwenye mpini wa ufagio, na upepo ukiingia dirishani anawakusanya pembeni wasigongane.

Yeye alikunywa kama wao. Hakunyanyuka.

Jumapili moja alimkaribisha jirani wa mlango wa pili, muuguzi mstaafu ambaye mume wake alikuwa amepooza upande. Bibi huyo alikuja na kanga ya nyumbani, kwa kuwa hakuwa na muda wa kubadilisha. Walikunywa pamoja pale mezani, huku juu yao mapacha wakicheza kukimbizana kuizunguka taa. Jirani akamaliza glasi, akasubiri. Shangazi akamwongeza. Wakanywa, wakabeua, wakakaa.

Jirani aliinua macho akaangalia nyayo za mkaguzi wa mizani, laini kama za mtoto.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema.

"Ndiyo hivyo, dada."

"Basi niongeze. Tamu, hata kama hainipeleki popote."

Mkaguzi alilisikia neno hilo na hakuona kama linamhusu.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni mwingine, rafiki wa Shangazi wa tangu kiwandani, mwanamke ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata, na wote walimwita Mama Gundi. Alikunywa glasi moja akapanda kiasi cha unene wa kitabu, akabaki hapo juu ya kiti akizungumza.

"Msimamizi wa ushonaji amestaafu," alisema. "Wale wasichana wapya wanabandika, hawashoni. Kitabu ukikifungua mara ya pili kinatawanyika kama karata. Mkuu ameuliza, yule aliyekuwa anashona kwa uzi wa nta yuko wapi? Nikasema yupo. Wanakutaka Jumatatu."

Shangazi alijishika kidole gumba, mahali palipokuwa na sugu ya sindano zamani. Harufu ya gundi ilimjia puani kana kwamba mtu amefungua kopo. Jioni ile alisubiri gesi ipungue, kaka yake akawa ameshuka mpaka usawa wa meza, akamwambia.

"Kaka, nimeitwa kazini."

"Kazi gani?"

"Kule kule. Kwa wachapaji."

Mkaguzi alifikiri. "Sasa Jumapili nani atatushika?"

"Mnaweza kuacha kunywa."

Juu ya kabati wifi alikohoa. "Wifi yangu, mbona unasema kama mpangaji? Nani amekwambia hapa si kwako?"

"Hakuna."

"Haya, basi."

"Nitaanza Jumatatu," alisema Shangazi. Sauti yake ilitoka ya kawaida, akashangaa kwamba miaka yote ile maneno yalikuwa mepesi namna hiyo.

Jumatatu asubuhi alivaa sketi ya kijivu na viatu vya kufunga. Hakuchemsha chai. Hakuamsha mtu. Mashati ya shule yalikuwa kwenye kiti, yamekunjamana, akayapita. Jikoni alikuta soda iliyobaki chupani, ya nyekundu, akaimimina kwenye glasi akanywa kwa sababu alikuwa na kiu na njia ilikuwa ndefu.

Kifua chake kikawa wazi. Mabega yakashuka, shingo ikajinyoosha, visigino vikaacha sakafu. Alipanda haraka kuliko alivyowahi kumwona yeyote akipanda, mpaka mgongo ukagonga dari kwa kishindo. Alicheka. Hakuwa amejisikia akicheka hivyo tangu enzi za kiwanda. Kisha akatazama mlango. Kizingiti chake kilikuwa chini mno, chini ya mkono wake na chini ya mguu wake, na hapakuwa na kitu cha kushika zaidi ya waya wa taa.

"Jamani!" aliita. "Nivuteni, nimechelewa."

Kaka yake alikuja na mswaki mdomoni. Alimshika kifundo cha mguu akavuta, akapanda naye. Wifi akamshika mume wake, naye akapanda. Binti mkubwa akashika miguu ya mama yake, na wote wakawa wananing'inia kutoka kwa Shangazi kama vitunguu. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu mwenye uzito wa kumshusha. Mapacha wakatumwa kwa jirani.

Jirani alikuja, mikono ina sabuni. Alimshika Shangazi mguu mmoja, akavuta mara moja, wote wakashuka. Akampeleka mpaka mlangoni, kitasa kikafunguka, mwanga wa nje ukamfika Shangazi usoni.

Wifi akasukuma mlango ukajifunga.

"Nje hakuna dari," alisema kwa upole, na ni kweli alikuwa na hofu. "Akikuponyoka huko, utaishia wapi?"

"Atanishika mpaka kituo cha basi."

Jirani alitazama upande wa nyumba yake. Kule ndani mume wake alikuwa anamwita, na uji ulikuwa jikoni. "Mpaka kituoni sitafika," alisema. "Nisamehe, dada."

"Itaisha jioni," alisema kaka yake. "Kesho utakwenda."

Jirani alimwachia pole pole, naye Shangazi akapanda tena.

Jioni gesi haikuisha, wala kesho yake. Wao walikuwa wakishuka baada ya saa chache kwa kuwa hawakuwa wameacha kitu kikubwa chini. Shangazi alikuwa ameacha miaka mingi. Mama Gundi alikuja, akasimama katikati ya sebule akitazama juu, na akaeleza kwamba mkuu atavumilia mpaka Ijumaa. Ijumaa ikapita. Wakamchukua mmoja wa wale wasichana wa kubandika. Shangazi aliposikia aligeuza uso akautazama ukuta.

Asubuhi moja wifi aliinua kikapu kwa ncha ya ufagio. Kilikuwa na maharage ya kuchambua. "Nimeona mikono yako haina kazi," alisema. Siku nyingine lilipanda shati lenye kifungo kilichong'oka. Halafu wakasafisha sehemu ya juu ya kabati, wakatandika blanketi, wakanunua waya mrefu, ikapanda pasi.

"Umeona?" alisema kaka yake, akivaa shati la moto. "Na wala hausimami. Mgongo unapumzika."

Jirani aliombwa awe anapita Jumapili kuwashika wanaopaa. Alisema atajitahidi.

Kabati lilikuwa jembamba na nguo zilikuwa zinaanguka, kwa hiyo mkaguzi akaita seremala. Seremala alikuja na ngazi, ubao na misumari. Alipofika juu alimsalimia Shangazi kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba, akafungua futi yake.

"Rafu yako unataka iwe pana kiasi gani, mama?"

"Itoshe mashuka," alijibu mkaguzi kutoka chini. "Na iwe mahali mkono wake unafika. Hapa nguo za shule ni kila siku."

Seremala akasubiri kidogo, macho yake yakiwa kwa Shangazi. Kisha akapima, akaandika alama ukutani kwa penseli, akaweka ubao. Ubao ulikuwa mrefu na upande mmoja ukawa unashuka. Shangazi akaushika, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akaunyanyua mpaka ukakaa sawa.

"Piga," alimwambia. "Hapana, toa. Msumari umekwenda upande."