Kisanduku Kitupu

Mke wangu aliuawa na neno moja: "Hana." Lilikuwa kwenye karatasi ya zahanati, mbele ya swali la dawa zinazomdhuru. Muuguzi hakuliandika. Foleni ilikuwa ndefu, akaacha kisanduku kitupu ili aniulize baadaye, alikiri mwenyewe. Programu ya kompyuta ndiyo iliyojaza. Kwa akili za walioitengeneza, usipojibu maana yake huna. Wakamchoma sindano ya penisilini, ambayo tangu usichana wake ilikuwa ikimvimbisha koo. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimeshika viatu vyake.

Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Msomi ni mwanangu wa kwanza. Yeye na wenzake wanatengeneza programu huria, zile za bure ambazo yeyote anaweza kuzifungua, akaona ndani na kurekebisha. Ile ya zahanati si yao, ni ya kundi jingine, huria vilevile. Wiki ya tatu baada ya mazishi aliniambia, akiangalia sahani, kwamba kasoro ile aliiona miezi minne kabla. Aliwaandikia wale wenyewe kwa siri, wakajibu: imepokelewa. Akataka kuitangaza, wakubwa wake wakamkataza. Kwao kuna kanuni: kazi ya wenzetu hatuisemi vibaya hadharani.

Nikamuuliza kama mama yake hakuwa mwenzao. Hakula tena.

Kesho yake nilimburuta hadi kwa kiongozi wao, wanayemwita Bwana Suluhu. Ofisi ni chumba juu ya duka la mashuka. Ukuta ulipakwa rangi juu ya unyevu. Nikawajua kabla hawajafungua mdomo.

Alinipa pole kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba wakisema, wataambiwa ni wivu, maana nao wana programu ya zahanati. Wauza programu watawacheka wote. Na wale wanajitolea, watavunjika moyo.

"Mzee wangu, haya ni ya ndugu. Ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime."

"Jembe nilishalishika," nikamwambia. "Nilichimbia kaburi."

Nikamuuliza kama mkewe ana dawa inayomdhuru. Akasema hana.

"Hana, au hujui?"

Mwanangu akanivuta shati.

"Baba, basi."

"Wewe ndiye wa kusema basi? Andika sasa hivi, au usiniite baba."

Aliandika palepale, kwenye meza yao, akaitangaza kasoro mtandaoni mbele ya wote, jina lake chini. Bwana Suluhu alimwonya mara moja tu, kisha akamfuta kwenye orodha ya kundi, taratibu, kama anapangusa vumbi. Miaka minane ya kazi. Mpaka jioni walikuwa wameshamwita msaliti, mwenye wivu, mtu anayejitafutia sifa kwa maiti ya mamake.

Asubuhi iliyofuata kasoro ilikuwa imerekebishwa. Mstari mmoja tu, alinieleza. Sasa kisanduku kitupu kinaandika "haijulikani", na muuguzi hawezi kuendelea bila kuuliza. Alikuwa amesimama nje ya mlango wangu na simu mkononi, macho mekundu, akisubiri nimwambie neno.

"Siku moja," nikamwambia. "Na wewe ulikaa nayo miezi minne."

Alitaka kuingia. Sikusogea.