Goti la Oliva Mbele ya Sengu

Mdogo wangu Oliva anacheza mpira Australia, na tafadhali usiniulize ni mpira gani, maana nimeshaeleza kwenye kila harusi hapa Mbinga mpaka sauti imekauka. Mpira wenyewe umechongoka kama papai. Wanaudaka kwa mikono, wanaupiga kwa miguu, wanaparamiana migongoni. Golini kuna milingoti minne: ukiupitisha katikati unapata pointi sita, ukikosa kidogo ukapita pembeni unapewa moja, ya pole. Sheria hiyo ingekuwapo huku, timu ya kata yetu ingekuwa bingwa wa dunia.

Alikwenda kusomea uuguzi. Mtu akamwona anavyoruka kudaka mipira, akamwita mazoezini, na tangu hapo wagonjwa wanapata masalio ya muda wake. Ni mshambuliaji, kazi yake kufunga. Msimu alipofunga kuliko wenzake wote, Baba Mkubwa Vitalis, kaka wa marehemu baba yetu, alitangaza nje ya kanisa kwamba yule mtoto ni damu yake. Kano ya goti ilipokatika, damu ikarudi kuwa ya mama, Mnyasa wa Liuli.

Mwaka huu Oliva alikuja na kovu gotini. Klabu imempa msimu mmoja wa mwisho, hatapewa mwingine. Angeweza kupanda ndege kimya kimya. Ndivyo alivyoondoka mara ya kwanza, amegombana na baba, na baba akafa hawajapatana. Safari hii alitaka baraka za ukoo, na baraka hutolewa kwenye sengu, kikao chetu Wamatengo cha kula pamoja na kuamua mambo ya watu wengine.

Basi tulikaa. Wanaume walikula mbasa, samaki wa ziwani ambao mama aliwaagiza kutoka Liuli, wakamaliza hadi vichwa, ndipo wakakumbuka kwamba kuna neno.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," Oliva alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hilo goti limepona?"

"Limepona. Daktari amethibitisha."

"Daktari wa Kizungu hajawahi kulima ngoro." Baba Mkubwa alifuta mdomo. "Kesho utalima na wenzako mteremkoni. Tutaona wenyewe."

Ngoro ni mashimo yetu ya kilimo cha mlimani. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, kazi nzito sana inayodai mapumziko marefu kilabuni. Wanawake tunafuata na majembe, tunayafukia kwa udongo, migongo imeinama kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza.

Oliva alilima. Nilimtania kwamba huku ukikosa shimo hupewi pointi. Hakucheka. Alikuwa anaogopa, na mimi nikaanza kuogopa naye. Lakini alifika chini, akasimama wima, goti zima.

Jioni tukarudi kwenye sengu.

"Goti ni zima kabisa, Mungu mkubwa," alisema Baba Mkubwa. "Sasa goti zima namna hii likafanye nini Australia, wakati shamba la baba yake linamngoja? Abaki."

"Na kama lingeshindwa?" Oliva aliuliza.

"Goti bovu ungechezea nini? Ungebaki."

Wazee walitikisa vichwa kukubali, kwa busara zao zote. Oliva, anayeruka juu ya migongo ya watu mbele ya uwanja uliojaa, alikuwa analia bila sauti kwenye mkeka. Hasira ilinipanda. Nimelima mteremko ule tangu usichana wangu, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao kuhusu magoti yangu.

"Baba Mkubwa," nilisema, "miaka yote hii shamba la baba amelilima nani?"

"Wewe, Kunigunda."

"Basi halimngoji Oliva."

"Na wewe ukichoka, atalima nani?" Akaangaza kushoto na kulia, akitafuta mwanamke.

Nilitoka, nikachukua jembe likiwa bado na udongo, nikamwekea mapajani.

"Magoti yako yamepumzika vya kutosha, Baba Mkubwa. Nayo tuyaone kesho."

Mama alianza kucheka, wanawake wote wakafuata. Baba Mkubwa aliwatazama wazee wenzake, ambao ghafla walikuwa wanachokonoa meno kwa bidii.

"Sogea, Oliva," alisema haraka, "nikuwekee mkono kichwani, usije ukachelewa ndege."