Kesho Hupita Juu ya Bega

"Huyu ndiye ananifaa," msimamizi alisema, akimsukuma Kimya begani mpaka mbele ya msumeno mkubwa. "Hata akikatika hatapiga kelele."

Akacheka peke yake. Kimya, kiziwi tangu kuzaliwa, hakusikia kicheko wala msumeno. Aliona meno ya msimamizi, akaona na meno ya msumeno, yote wazi. Kava la chuma la kufunika haya ya pili lilikuwa limefunguliwa tangu mvua zilizopita, eti linachelewesha kazi. Siku chache baada ya kufunguliwa, aliyekuwa fundi wa msumeno ule, ambaye wote walimwita Shemeji, alipoteza vidole viwili, akahamishiwa mashine nyingine.

Mama Vumbi, mfagiaji, akabana ufagio kwapani, akamtafsiria kwa mikono: "Anasema huna sauti, kwa hiyo unafaa kukatwa."

Na ieleweke vizuri, maana wenye viwanda wana ugonjwa wa kusahau. Katika karakana ile ya mbao, mashine zilinguruma hata mdomo ukabaki na kazi ya kula vumbi tu. Miaka nenda rudi wafanyakazi waliongea kwa mikono. Lakini mikono yenyewe ilijua machache: sukuma, simamisha, gogo limepinda, mkubwa anakuja. Maneno ya kumtosha ng'ombe wa jembe.

Ndipo akaja Kimya. Nyumbani, wifi yake alimwita "jinga hilo", akimwonyesha sahani chafu na ndoo, basi, mazungumzo yamekwisha. Kimya alikuwa na kesho yake kichwani, ila hakuwa na wa kumgawia. Siku alipokuta watu wazima wanazungumza kwa mikono, alilia mbele ya mashine bila haya. Akazimeza ishara zao zote upesi, kisha akaona hazimshibishi. Akatunga zake. Kesho: kiganja kinaruka juu ya bega kwenda mbele. Kama: mikono miwili inapima, huku na huku. Kwa nini: ngumi inagonga paji la uso, halafu inafunguka.

Hiyo ya mwisho ilishika kama moto kwenye maranda. Watu waliozoea kuwaza gogo moja baada ya jingine wakaanza kuulizana: kwa nini hatuna glavu? Kwa nini kava lifunguliwe? Swali lilipopata mkono, likapata na kichwa cha kukaa. Utani nao ukanoga. "Shemeji, punguza kigugumizi!" walimchokoza, naye kwa vidole vilivyobaki akawarudishia tusi lisilohitaji mkalimani.

Sasa Kimya aliitazama mikono yake. Akikubali, msumeno ungemkata ulimi. Akikataa, angerudi kwa wifi, kwenye sahani na ndoo, asipate mtu wa kumwambia neno mpaka kufa.

Akatikisa kichwa. Msimamizi akanyoosha kidole langoni, ambako lori la mteja lilikuwa likingoja mbao.

Kimya hakwenda langoni. Alipanda juu ya gogo, akainua mikono mahali ambapo karakana nzima ingemwona.

"Leo mimi," mikono ikasema. Kiganja kikaruka juu ya bega. "Kesho nani?"

"Anacheza ngoma huyu?" msimamizi akauliza.

"Kama mmoja anatoka, kwa nini wengine wabaki?"

Shemeji alikuwa wa kwanza kuzima mashine yake. Kisha jirani yake. Kimya alilisikia jambo lile kwa nyayo: gogo lililokuwa likitetemeka chini yake likaanza kutulia, likatulia, likalala kabisa. Hakuwahi kusimama juu ya kitu kilichotulia namna ile.

"Washeni!" msimamizi akafoka. Bila ngurumo, sauti yake ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Kumbe ndiyo sauti yake hii?" Mama Vumbi akamwuliza Shemeji. "Mashine zilikuwa zinamsitiri, baba wa watu."

"We mama, usinichezee! Nitawafukuza wote!"

"Fukuza, mwanangu. Lori lile utalipakia maranda?" Akaegemea ufagio. "Tunataka kava. Liko stoo, nalipangusa mwenyewe kila siku."

Msimamizi akatazama lori. Akawatazama wao. Mikono yote ilikuwa imekunjwa vifuani, na katika karakana ile hakuna ukimya uliozidi huo. Akaenda stoo, akarudi amelikumbatia kava, shati lote limejaa grisi. Shemeji akakaza nati. Kimya akashuka, akalivuta huku na huku, likagoma kutikisika.

Taratibu msimamizi akainua mkono kuwaambia waanze, na mkono ukasema gogo limepinda. Watu wakaangua kicheko, Shemeji akajishika mbavu.

Kimya hakucheka. Alimsogelea msimamizi, akamshika kifundo cha mkono, akakinyoosha kiganja chake, akakisukuma mbele mara moja, ishara ya kuanza, kisha akamwachia. Wote wakasimama, vidole juu ya swichi, wakimngoja ajaribu tena.