Darubini Iliyovikwa Satini

Kama kuna kitu Anselmi alikijua sawasawa, ni kupamba. Mpe mwenyekiti huyu jembe la kukabidhi, atalifunga utepe. Mjengee choo, atakitafutia mgeni rasmi. Kwa hiyo kikundi chao cha kutembeza wageni Ziwa Babati kilipopata darubini, ile kubwa ya jicho moja inayokaa kwenye stendi ya miguu mitatu, Valeria alianza kuiogopea kabla haijatoka kwenye boksi.

Yeye ndiye mwongozaji wa kikundi. Viboko walikuwa wamewafukuza wenye mitumbwi kutoka upande wenye ndege wengi, na hakuna mgeni anayesafiri kuja kutazama vinukta majini. Kwa darubini angewaonyesha ndege akiwa nchi kavu, na kundi la kwanza lilikuwa linakuja Jumamosi. Akiwakosa hao, kazi imekufa. Anarudi kijijini Singe kulima shamba la kaka yake na kumeza maneno ya wifi.

Asubuhi ya uzinduzi aliikuta stendi imevikwa satini ya zambarau, kiunoni utepe wa dhahabu, utadhani ni meza ya maharusi. Miguu ilikuwa imebanwa pamoja ili sketi ishuke vizuri. Kitambaa kilipanda mpaka juu, kikalala palepale kitako cha darubini kinapotakiwa kubanwa. Aliigusa darubini, ikacheza.

"Baba Kindness," alimwambia mwenyekiti kwa upole wa kujilazimisha, "satini itoke hapa juu. Kitako kikae chuma kwa chuma ndipo kibanwe. Na miguu itanuliwe."

"Mama, aliyepamba ni mtaalamu kutoka Bagara," Anselmi alijibu bila kumtazama. "Itakaa muda mfupi tu. Tusiharibu picha."

"Haijakazwa."

"Nenda ukawasaidie akina mama jikoni."

Jikoni! Mtu ambaye hawezi kumtofautisha korongo na kuku anamtuma jikoni. Valeria angeweza kuivuta ile satini mwenyewe, akakaza, yakaisha. Hakutaka. Alikunja mikono, akachagua mahali pazuri pa kusimama, amwone mwenyekiti akiumbuka.

Mgeni rasmi, muuza mbegu mmoja mwenye kitambi cha heshima, alikata utepe. Akainama, akaivuta darubini kidogo ielekee jicho lake. Iliteleza juu ya satini kama sabuni, stendi ikaifuata, na kioo cha mbele kikapasukia kwenye saruji.

Uso wa Anselmi ulisawijika. Valeria alicheka, tena kwa sauti, na kicheko kilimnogea.

Lakini Anselmi alishajishikia kipaza sauti. "Ndugu mgeni rasmi, haya ni majaribu. Tutaomba nyingine mwakani." Wakampigia makofi, wapumbavu wale, wakaenda kwenye pilau. Mwenyekiti naye akaenda, kwa sababu Jumatatu ofisi yake ingekuwa palepale na mshahara wake palepale.

Valeria aliiokota darubini, akaichungulia. Ziwa lilikuwa ukungu na nyufa. Kicheko kilimkauka.

Simu ikaita. Alikuwa Edda, kiongozi wa kundi la Jumamosi.

"Dada, ile darubini uliyotuahidi ipo?"

"Imevunjika leo."

"Jamani. Imevunjwa na nani?"

Alimtazama Anselmi akichagua paja la kuku. Jina lilikuwa tayari mdomoni, na lawama ilimstahili.

"Haikukazwa," alisema. "Nililiona hilo tangu asubuhi, nikaliacha makusudi."

 Edda akasema kwa adabu kwamba watatafuta mwongozaji mwingine.